Bangili ya Dada Yake Mwalimu

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni mafua tu ya upepo wa madirishani. Wewe je, mgongo umekuachia? Na jirani yako mshona viatu, bado anakufunga kwenye drafti?

Unakumbuka siku niliyoanza kazi ya kuhudumu kwenye mabehewa ya kulala? Ulinifunga mkononi bangili ya fedha uliyoifua mwenyewe, ukasema kwa shingo upande, "Haya, kila utakakofika ning'iniza kitu, angalau nijue ulipita wapi." Sasa ina vining'inio tisa. Cha tisa ni kiatu, kidogo kama punje ya mahindi. Mama mmoja alijifungulia behewa namba nne, mimi nikiwa nimeshika taa. Mtoto wa kike, sauti kama honi. Tulipofika mwisho wa reli nikanunua kiatu hicho. Ni chake, ingawa hana habari.

Msimamizi wangu ameniuliza kama nimevaa hirizi. Nikamjibu ndiyo, ya kufukuza wasimamizi.

Sasa ninalokuomba. Kuna abiria wetu wa kila mwezi, mwalimu mstaafu, anakwenda kumuuguza dada yake. Juzi alinishika mkono akaniuliza habari ya kila kining'inio, nikamsimulia kimoja kimoja. Akaniambia yeye na dada yake walitembea nchi nyingi ujanani, na kila mahali dada alinunua kitu kama hivi. Dada anavyo kumi na viwili, vimelala kwenye kopo la majani ya chai kwa sababu bangili yake ilipotea. Sasa dada hainuki kitandani. Mwalimu anaomba umtengenezee dada yake bangili kama yangu, avione vyote pamoja kabla hajafumba macho. Nimemwahidi. Nijibu upesi, baba.

Mwanao, Kinda


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana kimya chako kinaniondolea usingizi. Mwalimu kapanda tena jana. Hakuuliza, alinitazama tu, nami nikajifanya napanga mito.

Umenuna? Kama ni kwa sababu nilikataa kurithi kiti chako cha usonara, nigombeze, lakini andika.

Mwanao, Kinda


9 Aprili

Kwako Kinda wangu,

Marahaba, mama. Mgongo haujambo. Mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, mshona viatu anaandika, tena anaongeza chumvi. (Sijaongeza hata punje. Mshona viatu.)

Sikununa. Mikono yangu inatetemeka. Ilianza mwaka jana na kidole gumba, nikasema ni baridi. Sasa kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Daktari kanipa vidonge, akasema nitaishi sana, ila moto wa kulehemu na mkono unaocheza havikai meza moja. Nimefunga karakana. Sikukwambia kwa kuwa kila mara nilipoishika kalamu, herufi zilikimbia.

Mwombe radhi mwalimu, atafute sonara mwingine. Mimi ni sonara wa jana. Na wewe usije kunitazama kama mgonjwa. (Njoo. Ananifunga drafti kwa kusukuma kete kwa mtetemeko, kisha anasema hakukusudia. Mshona viatu.)

Baba yako


16 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole. Nimelia, kisha nimekukasirikia, sasa vyote vimepita.

Nimepewa likizo ya wiki mbili. Nafika Jumanne. Mwalimu amenikabidhi kopo lake. Macho unayo wewe, mikono ninayo mimi. Najua mikono hii ni ya kutandika shuka, huna haja ya kunikumbusha. Usifagie karakana, nitafagia mwenyewe.

Mwanao, Kinda


22 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi kazini salama. Vidole vimepona, isipokuwa kimoja. Vidonge unakunywa?

Bado nacheka peke yangu. Niliunguza pete saba za mnyororo, ukazitupa kando moja moja. Ya nane nilipoiunguza ukasema, "Angalau sasa unaunguza sawasawa." Halafu ukaweka mkono wako juu ya wangu kunionyesha pembe ya moto. Wako ukatetemeka, wangu ukatetemeka, na lehemu ikashika!

Jana nilikuwa zamu ya mapumziko, nikaongozana na mwalimu hadi chumbani kwa dada yake. Mgonjwa alikuwa hajasema neno siku nne. Mwalimu akamfunga bangili, tukainua mkono wake karibu na dirisha. Alivipapasa vining'inio vyote taratibu. Alipofika kwenye kile cha umbo la kibirika akafungua macho.

"Hapa," akasema, "uliniacha kituoni."

"Sikukuacha! Ulikwenda kununua machungwa!"

"Gari moshi likaondoka na wewe ndani, unanipungia mkono."

"Nilikuwa nakuita!"

Baba, kumbe kituo chenyewe kiko kwenye reli yetu hii, na wamegombana mpaka muuguzi akaja mbio, akadhani kuna msiba. Akawakuta wanacheka, machozi yanawatiririka. Kisha mgonjwa akaomba uji. Daktari wake hajabadilisha neno lake, lakini bakuli lilirudi tupu.

Mwalimu anauliza amshukuru nani. Nimemwambia, baba yangu. Hata hivyo sitahamia karakana, naipenda reli. Usinune.

Mwanao, Kinda


30 Juni

Kinda,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, umenichukua siku tatu. Mahali usipoweza kusoma, jua nilikuwa nakusifu.

Sinuni tena. Nimefungua karakana. Mshona mapazia mmoja wa mtaani na dada zake wawili wanakuja kila Jumamosi kujifunza. Wanaunguza kuliko wewe, jambo ambalo sikujua linawezekana. Nami nakaa pembeni, nafoka. Miaka yote nilidhani usonara wangu uko mikononi, kumbe nusu yake ilikuwa mdomoni.

Sasa nisikilize. Nimewapamba wasafiri tangu ujana wangu, na mimi mwenyewe sijawahi kwenda mahali ambapo nisingeweza kurudi kwa miguu. Nimekata tiketi ya tarehe kumi na nne, behewa lako, mpaka mwisho wa reli. Nataka kukiona hicho kituo cha machungwa. Nipe kitanda cha chini, na usiwaambie wenzako kwamba mzee anaogopa madaraja.

Nakuletea kining'inio nilichokitengeneza peke yangu, mshona viatu ni shahidi. Nilikusudia ndege. Kimetoka kiazi. Ukicheka, nashuka kituo cha kwanza.

Baba yako