Upande wa Chini wa Machela

Kwako shemeji Athmani,

Tulizoea kuamkiana kila asubuhi kwenye yadi ya Mbaraki. Siku hizi nakuombea dua tu, na barua hii naiandika kwa kuwa kuna jambo nililokuficha wewe na dada yangu, mkeo.

Wewe ndiwe uliyenitafutia kazi ya gari la wagonjwa. Ulinifundisha kumlaza mtu kwenye machela, kumfunga mikanda na kushuka naye ngazi za nyumba za Kuze bila kumgonga ukutani. Gari haliingii vichochoroni, kwa hivyo tuliliacha barabarani tukaenda kwa miguu, sisi wawili tu, wewe dereva na mimi wa kukaa na mgonjwa. Tulipoomba mtu wa tatu, tajiri wetu mwenye kampuni alisema aliyechoka mlango anaujua. Tena akaweka sheria kwamba asiye wa kampuni asiguse machela. Katika mji huu, ambamo watu wakiona mtu amebebwa huinuka kutia bega, sisi tulitakiwa tuwafukuze. Ilinikera hata nikakosa usingizi.

Ulipopata ngiri, utumbo ukatokeza kinenani, hukuthubutu kuisema kazini. Dada alichana kanga yake mpya, ukajifunga tumbo ndani ya sare. Kisha akatuweka sote wawili barazani akatuapisha: kwenye ngazi, mimi ndiye wa kushika upande wa chini, maana uzito wote huelemea huko. Ulimwahidi. Nami nilimwahidi. Ukanitania kuwa sasa nimeozwa machela.

Siku ile tulikuwa tumekwenda safari tatu kabla ya adhuhuri, nami sijatia kitu tumboni. Ya nne ilikuwa ya mama mmoja mnene, gorofa ya pili, anahema kwa shida. Nilizitazama zile ngazi nikachoka roho. Nikakwambia mkono wangu umeteguka. Haukuteguka, shemeji. Nilikuwa mvivu na mwenye hasira, basi.

Ulinitazama kidogo. "Haya, nenda yuu," ukasema. "Mimi 'tashika tini."

Katikati ya ngazi ulisimama, jasho likikutiririka, lakini hukumwachia yule mama. Tulipotoka mlangoni, wanaume watatu waliokuwa barazani waliinuka. "Tupisheni tuwapokee," mmoja akasema. Mimi ndiye niliyejibu, "Starehe, bwana, hii ni kazi ya kampuni." Mwenzetu mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kosa hilo hilo, nami niliogopa. Wakaketi.

Ukaendesha gari mwenyewe hadi hospitali, kwa sababu mimi sikujua kuendesha. Tulimkabidhi mgonjwa, ukakaa kwenye benchi, hukuweza kuinuka tena. Walikupasua siku hiyo hiyo. Siku ya tatu tukakuzika. Yule mama yu hai, humwona akienda sokoni.

Tajiri alisema ulificha maradhi yako, kosa ni lako. Dada naye, eda nzima, alikuwa akiniambia, "Aliniahidi, Bakari. Akanidanganya." Aliyasema kwa uchungu, na mimi nikanywa chai yake nikanyamaza. Nilikuacha ulaumiwe kaburini na mtu aliyekupenda kuliko wote. Na kazini sheria ni ile ile, tungali wawili, na hadi leo watu wakija kutia bega mimi huwakataza.

Jana nilimweleza yote. Alikuwa akichagua mchele, akaendelea kuuchagua mpaka ukaisha. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Garini, alilia?"

Nikamwambia la, hukulia.

Lakini mimi nilikuwa nyuma na mgonjwa, na kile kidirisha cha kati yetu kilikuwa wazi. Nilikusikia njia nzima, shemeji.

Radhi yako naitaka, ingawa sijui nitaipatia wapi. Pumzika.

Shemejio,
Bakari