Azieli Hakuvuka Besori

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, mkono ukatangulia kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia. Acha ibaki. Kwako sikuwahi kuanza jambo lolote bila shikamoo, hata siku zile ulipokuwa umenichosha.

Nakuandikia nikiwa dukani Kaloleni, saa nne asubuhi, umeme umekatika na mashine ya fotokopi imenyamaza. Wateja wawili wamechungulia wakaenda zao. Nimechoka, Mwalimu. Si uchovu wa kazi, maana kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kuchapa barua za watu. Wiki sita tangu tukuzike, nalala, nakula, nafungua duka, lakini nikimaliza ukurasa mmoja nahisi kama nimelima tangu alfajiri. Nina kosa la kuungama na nina ujumbe wa kukufikishia. Ningependa kuanza na ujumbe, ila bila lile kosa nisingeupata, kwa hiyo nivumilie kama nilivyokuvumilia wewe miaka minne.

Miaka minne, kila Jumanne. Ulikuwa unateremka kutoka kwako juu ya Makumira na daftari umelizungushia gazeti, unavuta kile kiti kibovu, unasema, "Katibu, leo tunakwenda vitani." Mimi nina wanafunzi wamepanga foleni na vitambulisho vyao, wewe unataka nikuchapie Waamaleki. Walikuzoea. Kuna waliokuwa wanauliza, "Yule mzee wa vita leo haji?"

Kitabu chako nakijua kuliko ninavyojua mambo ya ukoo wangu. Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa moto, wake zao na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Wanalia mpaka hawana nguvu ya kulia. Kisha wanamfuata adui, na wanapofika kijito cha Besori, mia mbili wanashindwa kuvuka kwa uchovu. Wanaachwa hapo walinde mizigo, wengine wanasonga mbele. Hayo yamo katika Samweli wa Kwanza, kila mtu anaweza kuyasoma. Azieli ndiye alikuwa wako. Ulimtoa kichwani mwako, ukamweka katika wale mia mbili, miguu imemvimba, mkewe Tirza yuko mikononi mwa Waamaleki, na yeye amekaa kando ya maji na vyungu vya watu, akingoja wanaume wengine wamletee mke wake.

Ulikuwa mwandishi mzuri, sijui kama niliwahi kukuambia. Nilikuwa na haraka ya kukusahihisha. Nakumbuka nilivyokucheka kwa ajili ya ile migomba. Besori yako ilikuwa na migomba pande zote mbili na maji ya baridi ya kukata vifundo vya miguu, kama haya yanayoshuka mlimani kwenu. Wanajeshi wa Daudi walikuwa wanapika ndizi na wanawaamkia wakubwa zao shikamoo. Nikakuambia, Mwalimu, kule ni ukame, hakuna mgomba. Ukaniuliza, "Wewe ulishafika?" Ukaenda chuoni Makumira, kijana mmoja akakuonyesha ramani, ukarudi Jumanne iliyofuata umenuna. "Ni jangwa," ukasema. "Lakini migomba ibaki. Mtu aliyechoka namna ile hawezi kukosa hata kivuli." Ikabaki. Ipo mpaka leo, ukurasa wa themanini na kitu, na sitaigusa.

Halafu tukafika mahali ukakwama. Wale mia nne wanarudi na ushindi. Vumbi linaonekana ng'ambo, sauti za wanawake zinasikika, Azieli anainuka kutoka kwenye mizigo. Mwisho. Kila Jumanne ulileta ukurasa ule ule umeuandika upya. Mara Azieli amesimama, mara amekaa, mara amejificha nyuma ya hema. Lakini Tirza hakufika kamwe. Kila alipokaribia kutokea, wino wako uliishia hapo.

Nilichapa ukurasa ule hata sikumbuki mara ngapi. Na ile Jumanne ya mwisho, sikujua kuwa ni ya mwisho, nilikuwa na kazi za watu zimelundikana na mgongo unaniuma. Nikakuambia vibaya. Nilisema, "Mwalimu, si umpe nguvu avuke na wenzake, amkomboe mwenyewe mkewe, kitabu kiishe? Ni hadithi tu."

Ulinitazama. Ukasema, "Hakuvuka." Neno moja tu. Ukalifunga daftari kwenye gazeti, ukaondoka hata chai hukuingoja.

Jumanne iliyofuata hukuja. Siku ya kumi na moja tangu uondoke vile, Neema, binti yako, akanipigia simu kwamba presha imekuangusha shambani na hukuamka tena.

Sasa kosa langu. Unajua msiba wa kwetu huku haukamiliki bila wasifu wa marehemu kusomwa mbele ya jeneza, na unajua wasifu wa nusu ya mji huu unachapwa na sisi wa steshenari. Neema aliniletea karatasi mbili kwa mkono wake. Ulizaliwa lini, ulisoma wapi, ulifundisha shule zipi, ulimwoa nani. Kati yake kulikuwa na mstari mmoja mfupi: alishiriki Vita vya Kagera. Kwangu ulikuwa umesema mara moja tu kwamba ulikaa jeshini kidogo, ukageuza maneno.

Mwalimu, sisi tunaochapa wasifu tuna tabia yetu. Mlevi tunamwandika mcheshi. Mkali tunamwandika mpenda haki. Hakuna marehemu aliyewahi kutoka dukani kwangu akiwa na ila. Nikauona ule mstari wako umekaa peke yake, mkavu, na roho ikaniuma kwa vile tulivyoachana. Nikataka kukupa kitu. Nikaandika: "Alikuwa mstari wa mbele, akavuka Mto Kagera pamoja na wenzake kwa ushujaa mkubwa." Neema alikuwa analia, hakusoma. Nikatoa nakala mia mbili.

Mzee wa kanisa aliusoma vizuri mno. Alipofika kwenye "akavuka" akapandisha sauti, na watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa akina mama, naona fahari. Mkeo alikuwa ameinamisha kichwa tangu ibada ianze. Hapo akakiinua, akaanza kutazama huku na huku taratibu, kama mtu anayetafuta aliyemwita.

Alinipata wiki ya tatu. Neema akapiga simu: "Mama anakuita. Anasema uje na kurasa zote ulizomchapia Baba." Nikapanda. Nilimkuta Mama Neema nyuma ya nyumba anamenya ndizi, nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Kisha akaniuliza bila kuacha kumenya, "Wewe ndiye uliyemvusha mume wangu?"

Nikamwomba radhi. Akasema, "Hakuvuka. Yona ndiye alivuka."

Sikuwa nimelisikia jina la Yona kwa miaka yote minne, Mwalimu. Mama akaniambia ni mdogo wake, kitinda mimba kwao, mlichukuliwa pamoja katika mgambo, na yeye alikukabidhi mbele ya mama yake: "Huyu umrudishe." Akaniambia miguu yako ilivyooza ndani ya viatu hadi ukawa huwezi kusimama, na wagonjwa wakaambiwa wabaki huku na mizigo ya wenzao. Yona akakuachia blanketi lake ulilinde, akavuka. Ulirudi nyumbani na lile blanketi.

Nilikaa pale kwenye kigoda nikajiona mjinga. Miaka minne nachapa, kumbe nachapa maisha yako na siyajui. Nilikuwa nakusahihisha migomba.

Mama akasema nimsomee ule mwisho. Nikamsomea. Vumbi ng'ambo, sauti za wanawake, Azieli anainuka. Akauliza, "Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu, Mwalimu hakuwahi kuandika Tirza alisema nini. Nikamweleza zile Jumanne zote. Akaweka kisu chini.

"Angejua vipi?" akasema. "Mimi sikumwambia."

Sasa sikiliza, maana huu ndio ujumbe wenyewe. Nitauandika alivyousema, nisiongeze hata neno, nimekoma kuongeza.

Alisema: "Nilikuwa nachuma kahawa kule chini. Nikamwona anapanda njia, anachechemea, ameinamisha kichwa. Nikaangusha kikapu. Nikacheka, mwanangu. Nilicheka kwa sauti peke yangu shambani kwa furaha, yu hai, amekuja. Nikacheka mpaka alipokuwa karibu kufika, ndipo nikakumbuka kwamba walikwenda wawili."

Akasema alipolikumbuka hilo kicheko kilimkatika, akaona haya ambayo hajawahi kuiona tena maishani. Mtoto wa mama yake amekufa na yeye amecheka. Kwa hiyo ulipofika akakupa maji ya kunawa na hakukutazama. Ulipomweleza habari za Yona hakukujibu. Akaenda kwao kwenye kilio, akakaa huko mpaka masika ikaisha, akarudi, mkaendelea. Mkazaa, mkasomesha. Hakulitaja tena, na wewe hukulitaja.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukumwambia?" Akasema, "Ningeanzia wapi? Jambo likishakaa sana ndani ya nyumba, hata pa kulitolea hupaoni." Akaokota kisu, akamenya ndizi moja nzima, ndipo akasema, "Alidhani namlaumu. Nilimwona anavyodhani. Na mimi nilikuwa naogopa akijua nilicheka atanionaje."

Mwalimu. Miaka yote ile kitanda kimoja, sufuria moja, benchi moja kanisani. Wewe unaona aibu kwa sababu ulibaki, na yeye anaona aibu kwa sababu alifurahi ulivyobaki hai. Nimekasirika, nakuambia ukweli. Nimewakasirikia wote wawili na sina wa kumgombeza, wewe uko chini ya udongo na yeye ni mama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Niliposhuka siku ile nilitembea mpaka barabara kuu ya Usa River kwa miguu, bodaboda zinaniita sizitaki, nalia kama mtu aliyefiwa upya. Nyumbani Sombetini wakaniuliza kuna msiba gani mwingine. Nikasema ni ule ule.

Najua ungeuliza kama alisema kwa hasira au kwa upole. Kwa uchovu, Mwalimu. Alisema kama mtu anayetua mzigo baada ya safari, hana nguvu hata ya kushukuru kwamba ameutua. Nilipoaga akanishika mkono akasema, "Mwandikie hivyo. Kwako ndiko alikokuwa anakuja kuandika." Nadhani alimaanisha kitabu. Lakini nimeona haitoshi kuandika kitabuni tu, ndiyo maana unapata na barua.

Wasifu nimeuchapa upya. Zile nakala za kwanza ziko kwenye makabati ya watu, siwezi kwenda kuzikusanya nyumba hadi nyumba, lakini siku ya ibada ya shukrani utasomwa huu mpya. Unasema: alibaki ng'ambo ya huku, mgonjwa, akilinda mizigo ya wenzake. Neema aliusoma mara mbili, akaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia amuulize mama yake. Hakurudi kuuliza tena.

Na kitabu nitakimaliza. Naogopa, sijawahi kuandika kitu changu zaidi ya risala ya harusi, lakini nakuahidi mambo haya. Azieli sitamvusha. Atakaa pale pale ulipomkalisha, katikati ya vyungu na mahema ya watu, na miguu yake mibovu. Wale wakorofi katika waliovuka watasema walichosema, kwamba aliyebaki asipewe kitu zaidi ya mkewe na wanawe, na Daudi atawakatalia, kama Maandiko yanavyosema. Lakini kabla ya hayo yote Tirza atatokea ng'ambo na wanawake wenzake, atatupa macho upande wa mizigo, atamwona mumewe. Sitampa hotuba. Nimeshaandika mistari mitatu, na Jumamosi napanda kumsomea Mama Neema kabla sijaichapa. Akisema sivyo ilivyokuwa, nitafuta nianze upya, hata kama itachukua miaka minne mingine.

Umeme umerudi, kuna dada mlangoni ana cheti cha kutoa nakala, ngoja nimhudumie. Pumzika, Mwalimu. Ulipokuwa unapanda ile njia umeinamisha kichwa, unatafuta namna ya kumwambia mkeo kwamba umerudi peke yako, yeye alikuwa kule chini kwenye kahawa anacheka, kwa kuwa ni wewe.

Katibu wako,
Rehema