Udongo wa Shimoni kwa Tangi la Baba

Karibu na Kabianga,
Kericho.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Chepkemboi,

Chamgei, salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Aberdeen, wewe na baridi yako ambayo kila ukipiga simu unaisifu kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Je, kile kifua kimepona? Mke wangu Moureen anasema unywe maji moto na uache kutembea kichwa wazi. Mimi sisemi kitu, kwa maana hujawahi kunisikiliza tangu ukiwa darasa la pili.

Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, majani chai yanachipuka kuliko mikono tuliyo nayo, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mguu wa Baba umepona pale ulipokatwa, na muuguzi amesema hahitaji bandeji tena.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Janeffer, binti wa mwalimu Ratemo, anakuja kusoma huko na amekubali kuibeba barua. Tena nikikupigia simu Baba huwa ameketi hapo hapo, na lile swali lako la mwezi wa saba sikuweza kulijibu akisikia. Uliniuliza kama Baba amekata tamaa, na kama uache kazi urudi kabla hatujamzika. Nikakujibu kwamba yuko sawa, na samaki wako sawa. Dada, yote mawili nilikudanganya.

Baba hakuwa sawa. Tangu atoke hospitali mwezi wa tatu alikuwa akisema ndiyo, hapana na asante, basi. Mtu aliyesimamia nasari ya miche ya chai miaka ishirini na sita, ambaye sauti yake ilituamsha kabla ya jogoo, alikaa dirishani akitazama ukuta wa zizi. Shamba liko upande wa pili, lakini hakutaka kiti kigeuzwe. Kila asubuhi nilisimama kwanza mlangoni nisikie kama anapumua. Niliogopa sana.

Ndipo likafika lile tangi la kioo ulilomwagizia. Yule muuzaji wa mjini alileta pia samaki sita wadogo, mimea ya majini, na mfuko wa vijiwe vya buluu. Moureen alivipenda vile vijiwe, tukavitandika chini na kupanda mimea. Kesho yake mimea yote ilikuwa inaelea. Vijiwe ni laini na vinateleza, mzizi haupati pa kushika.

Ukatuma ujumbe tutumie udongo wa kawaida usio na mbolea, tuufunike kwa mchanga. Nilisoma nikacheka. Nikajiambia, huyu anayenunua viazi vimefungwa kwa plastiki ndiye atanifundisha udongo, mimi niliyelelewa nasari? Nyuma ya stoo kulikuwa na gunia la mwisho la udongo wa Baba wa kujazia mifuko ya miche, ule uliokwisha changanywa na mbolea. Kama mche wa chai unaupenda, nikaona hata huu wa majini utaupenda. Nikaumwaga tangini bila hata mchanga juu.

Siku ya kwanza maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Siku ya nne yakawa kijani. Ya tano, samaki walikuja juu wakihema, na kufika saa sita wote walikuwa wamelala ubavu. Baba aliwatazama asubuhi yote. Hilo ndilo liliniuma, kwamba mgonjwa wetu nilimletea kifo cha kutazama. Wewe ulipiga simu siku tatu baadaye.

Jioni hiyo uliyopiga, nililibeba tangi hadi barazani nilimwage. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kushikwa, kumbe alitaka udongo. Akausugua kwa vidole, akaunusa.

"Huu ni wa mifuko?"

Nikasema ndiyo.

"Umetia mbolea kwa maji, Kipkurui. Sasa samaki akimbilie wapi?"

Chepkemboi, sikuwa nimesikia sentensi ndefu hivyo kutoka kwake tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa ninagombezwa, na machozi yalinilenga kwa furaha.

Hakuishia hapo. Aliniagiza niende kwenye shimo la choo nichukue udongo wa chini kabisa. Usishtuke, shimo ni jipya, halijatumika. Jirani yetu Opondo, yule wa boila pale kiwandani, alikuwa akinisaidia kulichimba, na tulikuwa tumefika kina cha watu wawili. Baba alinikumbusha jambo ambalo nililijua tangu utoto nikalisahau kwa kiburi: udongo wa juu umejaa majani yanayooza, na ukikaa ndani ya maji utanuka. Ule wa chini ni mwekundu, hauna takataka, na ndio huo huo ambamo kipande cha tawi la chai hutolea mizizi.

Opondo alicheka mpaka akakaa chini. Mchanga wa mto, hata hivyo, ni yeye aliyetuletea alipotoka kwao. Nilimuuliza kuhusu samaki, kwa kuwa ametoka upande wa ziwa, akaniambia, "Mimi samaki ninajua ni ya sahani. Hizo zako hata haziwezi chafua sufuria."

Basi tukafanya kazi, Baba akiwa msimamizi. Nilichekecha udongo, nikauloweka kwenye ndoo siku nne nikimwaga kila kilichoelea. Nikaosha mchanga hadi maji yakatoka meupe, Baba akayakataa mara mbili. Udongo tukautandika vidole viwili, mchanga vidole vitatu juu yake. Maji tuliyamimina taratibu juu ya sahani nzuri ya Moureen, ili yasichimbe. Yalibaki safi, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili.

Kupanda, alikataa nisiguse. Akakunja mkono wa shati, akashika kila shina kwa vidole viwili na kulisimamisha mchangani jinsi alivyokuwa akisimamisha miche, jani lisiguse chini. Alipanda thelathini na moja. Mguu umekwenda, lakini mikono ni ile ile.

Mimi, kwa wasiwasi wangu, nilikuwa nikivuta shina moja kila asubuhi nione kama limeshika. Siku ya tatu alinikamata.

"Wacha kuvuta. Ukivuta kila siku, itashika lini?"

Nikaacha. Nikaacha pia kusimama mlangoni kusikiliza pumzi.

Tulikaa wiki tatu bila samaki, kwa amri yake. Jumatatu iliyopita aliniita kwa kelele, ile sauti ya zamani, nikaacha ndoo ya maziwa zizini nikakimbia. Alikuwa anaonyesha shina lililokuwa limetoa majani mawili na ncha, kijani kile chepesi tunachochuma. Sasa tuna samaki wanne, na wote wanakula. Na kiti amekigeuza mwenyewe, kwa kuwa anasema tangi linahitaji mwanga wa upande wa shamba.

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hili: usiache kazi. Na unisamehe kwa samaki wako, na zaidi kwa uongo wangu. Kongoi, asante sana kwa tangi.

Moureen anakusalimu, na shangazi Chepkurui wa Sigowet anauliza utaolewa lini, nami nimetimiza wajibu wa kukufikishia. Opondo pia anakusalimu. Utusalimie Beldina unayekaa naye.

Baba hakutuma salamu. Nilipomwambia ninakuandikia na kwamba umeomba likizo ya Desemba, alitazama tangi, kisha akasema, "Mwambie asikuje kuniaga. Akuje na makasi ndefu. Hiyo Desemba majani itakuwa imefika juu, na mimi siwezi kata peke yangu."

Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, na baridi hiyo ikuonee huruma.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata unapokuwa umesema kweli,

Kipkurui