Bibi wa Kwenye Video

Mwenzangu, nimejifungia chooni nyumbani kwa shangazi. Leo nimeumbuka.

Unazikumbuka zile video za afya tunazotengeneza ofisini, za bibi kizee anayeuliza maswali ya kijinga halafu daktari anamjibu? Yule bibi ni mimi. Nabana pua, natetemesha sauti, ofisi nzima inacheka.

Sasa binamu yangu kafungulia moja sebuleni, shangazi yupo. Sikuwahi kumwambia shangazi kuwa ile sauti ni yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu mama anaumwa nini? Mbona anaongea kama hana akili?"

Binamu, unamjua mdomo wake, akasema, "Si huyu hapa. Ndiyo kazi yake."

Shangazi akanitazama. Hakufoka, bora angefoka. "Kumbe ndivyo tunavyosikika kwako."

Ndivyo tunavyosikika kwako. Shangazi huyu huyu aliyenilea.

Nikajitetea, eti ofisini sote ni vijana, hatuna mzee wa kurekodi. Hatuna mzee. Nilijisikia mwenyewe nikilisema hilo, nimekaa kwenye kochi lake.

Akasema taratibu, "Mngeniita, ningekuja."

Na unajua kinachoniua? Wakati tunatafuta sauti ya bibi nilikuwa naishi humu humu kwa shangazi. Mazoezi nilikuwa nafanyia chumbani, mlango nimefunga, asinisikie. Kwa hiyo nilijua.

Sasa hivi ananiita nikale, na sauti yake haitetemeki hata kidogo.