Kidonge cha Kikombe cha Pili

6 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti linalalamika kila nikikanyaga cherehani. Kifurushi kimefika, na karatasi yako nimeisoma mara mbili: vidonge vya madini ya lithiamu, dozi ndogo, kimoja kila asubuhi, kwa moyo mzito na kwa akili isije ikachakaa kama ya baba yako. Umesema mwenyewe wataalamu bado wanabishana. Haya, nimeanza leo. Ni mwezi wa nne tangu tumzike, na bado nakunja blanketi la upande wake.

Mama yako

20 Machi

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Huku ni mashuka ya hoteli tu, nafua mpaka vidole vinakunjamana. Barua yako ya juzi ilinichekesha, ile ya mteja aliyedai umempunguzia suruali wakati yeye ndiye aliyeongeza tumbo. Tangu msiba hukuwa unaandika hivyo. Naona vidonge vinafanya kazi. Usiruke hata siku moja, mama, nakuomba. Natuma chupa nyingine.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nina la kukiri.

Unajua baba yako miaka ya mwisho alikuwa akitema dawa, nikawa namsagia kwenye chai. Basi mkono umezoea. Juzi ndipo nilipojikamata: namimina vikombe viwili, nasaga kidonge chako, nakitia kwenye kikombe chake, nakoroga vizuri, kisha nakunywa changu. Chake kikipoa nakimwaga kwenye maua. Karibu miezi miwili nimefanya hivyo.

Nikaenda zahanati kuuliza nianze upya vipi. Muuguzi akacheka, "Kumbe mama unamtibu marehemu!" Kisha akasoma chupa, akaacha kucheka. Akasema dozi ni ndogo kweli, lakini dawa yangu ya presha, ile inayonikojoza, inaweza kufanya madini hayo yajikusanye mwilini, na figo zangu si za msichana. Daktari amenipima damu, akasema nisiviguse. Nimeviweka kabatini.

Kwa hiyo uchangamfu ulioona si wa kidonge. Sijui ni wa nini. Usinikasirikie.

Mama yako

25 Mei

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Sikukasirika, niliogopa. Ningekudhuru kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikikubembeleza umeze.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini niling'ang'ania. Nilipokuja kumwona baba mara ya mwisho, aliniita dada muuguzi. Niliondoka siku mbili kabla ya siku yangu ya kurudi, nikakwambia wananiita kazini. Sitaweza kuitwa hivyo na wewe pia.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi na goti langu tupo.

Nilijua hukuitwa kazini. Nilikufungia chakula cha njiani nikanyamaza, kwa sababu ningesema ungelia, nami ningelia, na baba yako alikuwa amelala.

Lakini kuna kitu hukukiona, macho yako yalikuwa yamejaa machozi. Wauguzi walikuja wengi nyumbani, na kila mmoja baba yako alimwonyesha kile kiti cha mlangoni, akae huko. Wewe ulipoingia alikuita dada muuguzi, ni kweli. Ila alijivuta mpaka ukutani, na mgongo ule ulivyokuwa unamuuma, akakuachia nafasi kitandani. Hakumwachia nafasi hiyo mtu mwingine yeyote.

Akili yangu leo iko sawa. Nimekata magauni matatu bila kuharibu hata pindo. Ya mwakani siyajui, wala daktari hayajui. Ikija siku nikakuita kwa jina la mtu mwingine, usikatishe safari. Kaa hapo nitakapokuonyesha, hata kama ni kiti cha mlangoni.

Na mimi nikishindwa kukukumbuka, mwanangu, wewe unikumbuke.

Mama yako