Ukurasa Ambao Shakirah Hakuuona

Nyuma ya soko,
Koboko.
14 Oktoba 2024

Mpendwa binti yangu Kaltumu,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Kibra? Na miguu yako je, kwa kusimama kutwa katika jiko la hoteli? Sisi hapa tu wazima. Kikohozi changu kimepungua, mvua ni nyingi, na mihogo ya shangazi yako Hawah imekomaa. Shakirah ameongezeka kimo hata gauni ulilomtumia sikukuu limeshamfika magotini.

Ni juu yake ninaandika, na barua hii nimeianza mara tatu. Mwezi wa nne nilikuarifu kwamba mwanao anasoma bila kukwama. Kwa neno langu hilo ukamtafutia nafasi ya shule Nairobi, ambako Januari atapewa kitabu asichowahi kukiona, akisome mbele ya walimu. Kaltumu, Shakirah hajui kusoma. Nilikupa habari ya uongo nikiamini ni kweli.

Unajua tunavyofundishwa Kurani kule chuoni, khalwani: mwalimu anatamka, mtoto anafuatisha, kidole kikitembea juu ya ubao, mpaka sura nzima ikae kifuani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi kule Arua, kabla hatujakimbia. Basi na kitabu chake cha shule nilimfundisha vilevile. Baada ya wiki moja alikuwa anakimaliza peke yake, hata kwenye nukta anapumzika.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimwita asome mbele ya wageni. Mmoja alikuwa jirani yetu Swaibu, wakala wa forodha kule mpakani Oraba. Wa pili alikuwa Pasca, mwalimu wake wa darasa la tatu, aliyenionya mara mbili kwamba mtoto hawezi. Nilimwalika nimwaibishe, nakiri. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa chai ya sukari. Shakirah alifunua, akaendelea vizuri kabisa, akasoma mpaka mwisho maneno yaliyofichika katikati.

Swaibu aliyekuwa akichungulia begani kwake akapiga kofi. "Mzee Taban, huyu mutoto nasoma mpaka karatasi ya ndani! Mulete Oraba, atuambie nini iko ndani ya lori bila kufungua."

"Nikianza na lori yako," Shakirah akamjibu, "wewe nafungwa wa kwanza."

Tulicheka sote isipokuwa Pasca. Mtoto akamwona, akafunga kitabu, akaenda jikoni bila kuaga.

Mwalimu hakunicheka. Alisema mtoto amekikariri kitabu kwa kusikia tu, ila macho yake ni mazima, yalipimwa Arua, na akili anayo tele. Hali hiyo inaitwa disleksia, aliisoma katika mafunzo yao. Herufi zinafika machoni lakini hazishikani upesi na sauti zake. Fimbo haisaidii, wala kumrudisha darasa tu hakusaidii. Anahitaji kufundishwa sauti mojamoja, taratibu, huku akichora herufi kwa kidole. Atasoma, alisema, lakini kwa muda wake.

Mimi nimesoma tangu utoto. Sanduku langu la vitabu nimelibeba Arua hadi Yei kule Sudan, na Yei hadi hapa, nikaacha vyombo. Na bado sielewi. Anayeshika sura kwa kuisikia mara tatu, anashindwaje na neno fupi aliloliona jana? Nilimuuliza. Akasema, "Babu, jana nilikuwa najua yeye. Leo iko kama mutu nimesahau jina yake." Hawah anasema ni jicho la watu. Sikubaliani naye.

Kuna jambo jingine, na sijui kama nina haki ya kulisema. Marehemu baba yako Yugu alikuwa mdogo wangu, nami ndiye niliyewekwa kumsimamia masomo. Nilimchapa sana. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, hadi akatoroka shule. Zile barua zake kutoka Yei ulizozihifadhi, maneno ni yake, mkono ni wangu. Aliniapisha nisikwambie. Leo namtazama mwanao, na sijui nilikuwa nikimchapa baba yako kwa kosa gani.

Kila alasiri sasa tunachora kwenye sinia la mchanga. Wiki iliyopita alikuwa na herufi kumi na moja za uhakika. Juzi zikawa nane. Sijui kama tunasonga au tunazunguka mahali pamoja, wala sijui kama ninamfundisha sawa.

Ninachokuomba ni hiki: Januari usimchukue. Niachie mimi na Pasca mwaka mmoja. Wale wa shule waambie kosa ni la mzee, si la mtoto. Nimeshakosea mara moja kwa kujiamini, kwa hiyo siahidi kitu. Ukiamua aje, nitamfungia mzigo wake na kumpeleka kwenye basi, maana wewe ndiye mama.

Nisalimie Madina na watoto wake wote, na Mzee Obitre ukimwona. Hawah anakusalimu, na majirani wote pia.

Jibu lako usiliandike. Shakirah anajua nimekuandikia, na kila ujumbe wako mimi ndiye ninayemsomea. Siku hizi nikisoma hatazami karatasi. Ananitazama usoni, aone kama kuna mahali nimeruka. Lirekodi kwa sauti yako, ulitume kwenye simu yangu. Nitampa simu, nami nitatoka uani, alisikie peke yake kwanza.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe moyo mpana.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye siku zote,
Taban