Mutinda, Mahindi Yako Yametoa Maua Yakiwa Kiunoni

Mwanangu Mutinda,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa mto wetu, maana maji hayamo. Sisi ni wazima wa mwili. Na kama kuna mwingine ataisoma barua hii kabla yako, asome tu bila haya, ajue ni mama wa nani anayeandika: mama wa Mutinda, mtoto wa Matinyani aliyesomeshwa na skolashipu mpaka chuo kikuu, akaajiriwa kwenye kituo cha Kiboko cha utafiti wa mbegu, na sasa amepewa skolashipu ya pili, yuko ng'ambo anaweka digrii juu ya digrii kama mtu anayepanga magunia.

Hayo nimeyasema. Sasa nikwambie kwamba naogopa.

Mahindi yako yametoa maua. Yamefika hapa kiunoni, mengine hata kiuno hayajaona, na tayari yana maua kichwani na ndevu ubavuni. Mvua ilikuja vizuri, ikanyesha, halafu ikanyamaza kama mgeni aliyeudhiwa. Adhuhuri majani yanajikunja mpaka naona huruma kupita karibu. Wale wachache waliopanda mbegu ya kienyeji, mahindi yao yako kifuani, hayana haraka ya maua wala ya kitu kingine. Ya kwako ni kama watoto walioota mvi.

Jana Syombua alipita. Unamjua Syombua, mjane wa ng'ambo ya kijito, hajaacha kunichokoza tangu tulipoolewa kilima hiki mwaka mmoja. Akasimama mwisho wa tuta langu, akaangalia, akaniambia, "Mama Mutinda, watoto wako wamebeba mimba kabla ya kuota meno."

Nikacheka. Kugeuka, yeye hacheki. Syombua kutania bila kucheka!

Ni hivi. Kina mama wa mwethya, hiki kikundi chetu cha kulimiana mashamba, wamepatana kwamba kesho Jumamosi watakusanyika na mapanga. Watayakata mahindi yako yote, shamba baada ya shamba, wawape ng'ombe majani yangali mabichi, halafu wapande kunde upesi kabla unyevu wa chini haujaisha. Mmoja anasema mbegu imerogwa. Mwingine anasema mbegu ya ofisini haijui jua. Baba yako nimemuuliza, akasema, "Ngoja." Lakini baba yako hata nyumba ikishika moto atasema ngoja.

Na nani aliwafanya waipande? Ni mimi.

Mlienda wengi kutoka pande hizi kwa ile skolashipu moja. Muthama akaingia benki Mombasa, akarudi Krismasi na gari jeupe, mama yake akapandishwa humo kwenda kanisani ingawa kanisa analiona kutoka mlangoni kwake. Yule msichana wa Mutitu akawa daktari. Wewe ulirudi na gunia la mbegu. Mama mwingine angejificha. Mimi? Nilisimama sokoni nikawauliza, "Gari la Muthama linapikwa? Mtachemsha taa?" Nikawagawia mbegu kikombe kikombe, na maneno juu yake gunia zima. Syombua alikuwa na mbegu yake ya zamani, ile aliyoachiwa na mama mkwe, inaning'inia juu ya meko kwenye moshi. Nikamwambia, "Pika hiyo, dada. Ya digrii imefika." Akaikoboa akaipika muthokoi, tukala pamoja, tukalamba vidole.

Sasa hana mbegu nyingine. Wakikata na mvua isirudi, kunde hazitaota, ni njaa. Wakiacha na mahindi yakatoa magunzi matupu, ni njaa vilevile, na hiyo itakuwa imetoka kinywani mwangu. Barua kukufikia ni majuma, jibu lako ni majuma mengine. Wewe huwezi kunisaidia. Ninachoweza ni kutafuta kichwani mwangu yale uliyoniambia siku ile jikoni, ulipoleta gunia. Kwa maana uliniambia kitu. Nakuona ukisema. Maneno siyasikii.

Nikijaribu kufika jikoni, akili inapitia kwingine kwanza.

Inapitia siku nilipokupeleka shule. Ulikuwa mdogo, mwanangu, mdogo mno. Ulikaa tumboni mpaka mkunga akaniuliza kama nimekusahau humo, ndiyo maana tukakuita Mutinda, aliyekawia. Na baada ya kukawia kote huko ukatoka kama kifaranga. Mwalimu akakwambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Mkono haukufika. Akasema, "Mwakani." Mwakani haukufika tena. Mwaka wa tatu ulikilaza kichwa begani ukalidaka sikio kama anayekamata kuku, mwalimu akacheka mwenyewe akakuandika. Njia nzima kurudi nyumbani ulikuwa umelishika, hutaki kuliachia. Nikakwambia, "Liache, sasa ni lako." Ukasema, "Akibadilisha mawazo?"

Siku ile niliogopa pia. Niliogopa hutakua.

Halafu inapitia siku ya skolashipu. Mkuu wa shule alikuja na baiskeli yake, akanikuta nasuka kiondo, akasema kijana amepata skolashipu. Mimi wa darasa la ngumbaru nilikuwa nimefundishwa juzi tu kwamba shipu ni meli. Sikungoja amalize. Nilishuka sokoni nikatangaza kwamba serikali imempa Mutinda meli! Watu wakauliza ataiegesha wapi, Kitui hakuna maji. Nikasema hilo ni jambo la waliosoma. Mpaka leo Syombua akitaka kunichoma huniuliza, "Na ile meli, imefika bandarini?"

Na siku ya kuvaa joho, Nairobi. Nilivaa kitambaa changu cheupe cha kanisa. Ulipoitwa, nikaona joho linakuja peke yake, mtu simwoni. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akauliza, "Hicho kidogo ni cha nani?" Nikapiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akanitazama. Nyumbani nilisimulia kwamba yule mkubwa wa chuo alikushika mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa mmoja, najua. Lakini mwanangu, nimesimulia ya mikono miwili mara nyingi mpaka sasa hata mimi naiona miwili.

Na hiyo ndiyo hofu yangu kubwa zaidi. Nikilikumbuka neno lako la jikoni, nitajuaje kama ulilisema wewe au nimelitunga mimi, kwa kutaka?

Sasa jikoni. Gari la Kiboko limesimama uani, lina maandishi mlangoni, na mimi namwaga maji ya moto juu ya jogoo nimnyonyoe. Wewe umekaa kwenye kigoda, unaeleza. Mlango uko wazi. Naona mama Muthama anapita barabarani polepole, anajifanya hatazami gari, nami nanyoosha shingo nihakikishe ameyasoma yale maandishi. Unasema, "Mama, unanisikia?" Nasema, "Nakusikia, endelea." Ulikuwa umemtaja Muthama, kwamba anaoa msichana wa Nuu mliyesoma naye, mwalimu wa hesabu. Hilo nikalidaka kwa sikio moja. Halafu nikatoka nje kidogo na manyoya mkononi, nikarudi. Na niliporudi ulikuwa umesimama, umeuweka mkono hapa kiunoni, kiganja chini, kama mtu anayepima mtoto. Ukasema, "Hapa hapa, mama. Usishtuke."

Nikasema, "Maskini!"

Ukanitazama kwa mshangao, ukacheka, ukakaa.

Nilisema maskini kwa sababu nilidhani unaniambia kimo cha bibi arusi wa Muthama.

Usinicheke. Nilienda kwenye mwethya juma lile lile nikawaambia kina mama wote kwamba Muthama na gari lake lote ameoa mke wa kiunoni, itabidi amwekee ngazi apande kitandani. Tulilima siku ile tukicheka. Kisha harusi ikafika, tukaenda mpaka Nuu, na bibi arusi akaingia kanisani akiinamisha kichwa asigonge mlango. Kanisa zima la Nuu lilimtazama yeye. Kina mama wa Matinyani walinitazama mimi. Syombua akaninong'oneza, "Huyo ndiye wa kiunoni? Kiuno cha nani, cha twiga?"

Tangu siku ile nimekana. Nimesema hawakunisikia vizuri, nilikuwa nazungumzia mtu mwingine. Nimeapa, hata, Mungu anisamehe.

Lakini leo asubuhi nimesimama katikati ya mahindi yako, maua yake yananigusa mkanda wa gauni, mkono wangu ukashuka wenyewe ukakaa juu yake. Hapa hapa. Nikashtuka kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Kama bibi arusi ni mrefu, na najua ni mrefu, shingo yangu iliuma kwa kumtazama, basi mkono wako siku ile ulikuwa unapima nini?

Hilo sikulitunga, Mutinda. Nina mashahidi. Mashahidi ni kina mama wote wa mwethya waliosikia "kiunoni" kutoka kinywani mwangu kabla mbegu haijaingia ardhini.

Kwa hiyo kesho nitafika mapema shambani kwa Syombua, ndiko wanakoanzia. Nitasimama mbele ya mapanga yao na nitawaambia kile kitu nilichokikana. Kwamba ndiyo, nilisema. Kwamba Mutinda alikuwa ananieleza mahindi, nami nilikuwa naangalia nani anasoma maandishi ya gari. Sitaongeza chumvi. Nitauweka mkono hapa na kuuliza, "Mnamkumbuka bibi arusi wa Muthama?" Watacheka. Syombua atacheka mpaka akae chini, ataniita mama wa meli, mama wa twiga. Acha wacheke. Mtu akicheka, panga hushuka lenyewe.

Wakishamaliza kucheka, hapo sijui. Mkono nina hakika nao. Ulisema nisishtuke, lakini hukuniambia, au sikusikia, kama mahindi hayo yakifika hapo yana nguvu ya kustahimili jua bila mvua nyingine. Ndivyo ulivyosema nikiwa nje na manyoya? Au ulisema lazima inyeshe mara moja zaidi? Nimetazama upande wa Nzambani, mvua inakotokea, asubuhi na jioni, hakuna hata wingu la kumdanganya mtoto. Uliposhika sikio lako njia nzima ukiogopa mwalimu atabadilisha mawazo, nilikucheka. Leo nimeushika mkono huu kiunoni vivyo hivyo, nao sithubutu kuuachia.

Barua hii ikikufikia tutakuwa tumeshajua. Kwa hiyo usinijibu mambo ya mahindi. Nijibu kama umepata koti zito, na kama hao watu wanakupa chakula kinachoshibisha. Na siku utakaporudi nyumbani, Mungu akipenda, ukiwa na jambo la kunieleza, funga mlango wa jikoni kwanza.

Ni mimi mama yako,
niliyekawia kusikia.